Kengele ya Mwangeni

Sogeeni, mnisikilize hadi mwisho, maana uamuzi nitawaachia ninyi.

Katika kijiji cha Mwangeni, juu milimani Taita, waliishi watu watatu wenye vipawa. Mghoi, mfua chuma, alijua kuchanganya madini kuliko yeyote. Wakesho alikuwa na sikio lisilokosea sauti. Mwandoe, fundi saa, aliweza kukifanya chombo kijiendeshe chenyewe.

Kila alasiri ukungu ulishuka kijijini, na ndani yake watu waliitwa kwa majina, kwa sauti za jamaa zao waliokufa. Aliyeitika akaufuata hakuonekana tena. Wanakijiji walipiga ngoma na madebe ili walio njiani wafuate sauti warudi. Ukungu uliziiga zote.

Mghoi akafua kengele ya madini aliyoyajua yeye peke yake. Ilipolia, ukungu ulijaribu kuiiga, ukakwama kama mtu aliyepaliwa.

Lakini kila nyumba ilitaka kengele yenye mlio wake, na katikati ya milio mingi watu walizidi kupotea. Wakesho akazunguka mlango kwa mlango miezi saba, akiwasihi, "Jamani, tukubaliane mlio mmoja. Ukiusikia, ujue hapo ni nyumbani." Wakakubali, wakatupa ngoma na madebe. Kipimo kikawa kimoja kijiji kizima.

Bado kengele ilihitaji mpigaji, na mara nyingi mpigaji ndiye aliyeitwa kwanza. Mwandoe akaunda kinyundo kinachogonga chenyewe hewa ikilowa. Tangu hapo hakuna aliyepotea.

Ndipo chifu akatangaza kwamba serikali itatoa hataza moja, kwa jina moja. Mwenye nayo ataweza kumkataza yeyote kutengeneza kengele hiyo.

"Bila madini yangu, ingeigwa," alisema Mghoi.

"Bila mimi mngebaki na makelele tu," alijibu Wakesho.

"Na bila mimi," alisema Mwandoe, "nani angethubutu kuipiga?"

Wakanuniana. Mghoi alifunga karakana, Wakesho akakataa kupima mlio, Mwandoe akaficha vinyundo.

Wiki hiyo Mama Chao alihamia nyumba mpya pembezoni mwa kijiji. Akawaendea wote watatu kuomba kengele. "Subiri tuamuliwe kwanza, mama," kila mmoja alimwambia.

Alasiri ya tatu majirani walisikia kitoto kikilia ukunguni, kisha sauti ya Mama Chao: "Naja, mwanangu!" Mwanawe alikuwa amezikwa mwaka uliopita. Walipofika, sufuria ya maharagwe ilikuwa ingali inachemka. Nyayo zake zilitoka mlangoni hatua tisa, zikakoma.

Sasa chifu ameketi na fomu mbele yake. Akimwandika mmoja, wawili watakuwa chini ya rehema yake. Akiiacha tupu, kuna mfanyabiashara wa mjini aliyekwisha kuichora kengele, anangoja kuiandikisha kwa jina lake.

Kalamu ni yako, msikilizaji. Utaandika jina la nani?