Kwa Nini Bakuli la Pili Halina Utamu wa la Kwanza

Mnamcheka mwenzenu Namvua kwa sababu amezunguka gulio zima tangu asubuhi, kashika ndoo hii kairudisha, kashika kitenge kile kakirudisha, na mwishowe amerudi na vitu vichache na sura ya mtu aliyetoka msibani. Haya, mchekeni. Lakini mikono isisimame, mahindi haya hayajipukuchui yenyewe, nami nitawaambia kwa nini mtu mwenye akili zake ananunua hivyo. Si habari ya kufurahisha. Anayetaka kufurahi, ndizi ziko jikoni, aende akale.

Zamani sana, kabla milima yetu hii haijagawanywa mashamba, utamu haukuwa na mwisho. Leo mkitafuna muwa, pingili ya kwanza mnaifungia macho, ya pili mnaifurahia, na zinazofuata mnazitafuna kwa kuwa zipo tu. Watu wa wakati ule hawakuwa hivyo. Pingili ya mwisho ilikuwa tamu sawasawa na ya kwanza. Hawakukinai. Hata neno lenyewe la kukinai hawakuwa nalo, maana hakuna aliyelihitaji.

Nawaona mnatabasamu, mnadhani ilikuwa raha. Ilikuwa balaa. Fedha hazikuwapo, watu walibadilishana walichonacho, na mtu akishuka gulioni na mzigo wake alisimama kwa muuzaji wa kwanza aliyempendeza, akaganda hapo hapo. Mpenda tumbaku alirudi na tumbaku tupu. Mpenda shanga alirudi ameng'aa hadi magotini, na tumboni hana kitu. Nyumba moja ilijaa chumvi bila mboga ya kutia, nyumba ya pili ilijaa vyungu bila cha kupika.

Kilichowaokoa ni ujirani. Jioni ya siku ya gulio wanawake walipita mlango kwa mlango, huyu akimega chumvi, yule akimega unga, na siku zikaenda. Ndiyo maana hakuna aliyejifunza. Kila mtu alikosea huku akijua jirani atamfunika.

Ukaja mwaka wa ukame. Mito ilibaki mawe. Ng'ombe wa huku mlimani walikufa, mbuzi wakafuata, na maziwa yakawa yanapatikana kwa wafugaji wa bondeni tu, nao walikuwa nayo machache. Katika mwaka huo aliishi mama mmoja aitwaye Naetwe, mjane, mwenye mtoto mmoja wa kiume, Kihiyo. Mtoto alikuwa ameachishwa ziwa si muda mrefu, na homa ilikuwa imempitia ikamwacha hawezi kumeza kitu kigumu. Alikuwa anataka maziwa. Wakunga wote walisema hivyo, na Naetwe mwenyewe alilijua bila kuambiwa.

Alikuwa amebakiwa na kikapu kimoja cha maharage. Alimwacha mtoto kwa mama mkwe wake, akakitwika kikapu kichwani, akashuka. Njia nzima alikuwa akijisemea kwa sauti, asije akasahau: maziwa ya Kihiyo kwanza, halafu muhogo mkavu, halafu chumvi kidogo. Kichwa chake kilikuwa sawa kabisa. Nataka mlielewe hilo, maana wapo wanaomwita mjinga, na mimi huwa nakasirika.

Mlangoni mwa gulio alikaa mrina asali, mzee mmoja mpole. Desturi ya siku zile ilikuwa muuzaji akupe kionjo kwa kila bakuli unalobadilisha. Naetwe alikuwa hajaonja kitu kitamu tangu mvua zikatike. Alisimama ili apumzishe shingo tu. Akapewa kionjo kwenye jani, akalamba, akatoa bakuli moja la maharage.

Mama wa kifugaji aliyekuwa akimuuzia maziwa siku zote alimwona, akamwita, "Mama Kihiyo! Maziwa yako nimeyaweka pembeni, watu ni wengi!"

"Naja, dada yangu. Bakuli moja tu hapa."

Akatoa la pili, akapewa kionjo kingine, na utamu ukawa ule ule, haukupungua hata chembe. Angekuwa na ulimi kama wetu, bakuli la tatu lingemchosha. Angetazama kikapu, angetazama kibuyu cha maziwa kule, moyo ungemwambia kwamba hapa nimepata vya kutosha, na kule sina hata tone. Lakini ulimi wake haukuwa na namna ya kumwambia. Kila bakuli la asali lilikuwa zuri kama la kwanza, kwa hiyo kila mara lilionekana kuwa la kwanza.

"Mama Kihiyo, jua linashuka!"

"Nakuja. Hili ndilo la mwisho."

Aliposhusha mkono tena, vidole vyake viligusa ukindu wa chini ya kikapu. Mama wa kifugaji alikuwa amemsubiri hadi akachoka, akawapimia wengine maziwa, akaondoka na wenzake. Naetwe akamrudia mzee wa asali kumwomba wabadilishane upya, amrudishie maharage japo nusu. Mzee akamwonyesha kikapu chake. Naye alikuwa ameyabadilisha yote kwa tumbaku.

Alipanda mlima na chungu cha asali. Jioni ile aligonga milango yote. Huyu alikuwa na chumvi, yule na shanga, mwingine na tumbaku, na wote walikuwa wamesimama milangoni wakitaka kumwomba yeye. Maziwa hayakuwapo kwa yeyote. Naetwe alimlambisha mtoto asali kwa kidole. Kihiyo aliipenda, masikini, aliilamba kila ilipoletwa, akicheka, na haikumkaa tumboni. Hakulifikia gulio lililofuata. Alipofungwa sanda, midomo yake ilikuwa bado inanata.

Siku ya gulio Naetwe alishuka bila mzigo. Alizunguka mikono mitupu, akishika kila kitu na kukirudisha, kibuyu cha maziwa akakishika muda mrefu. Kisha akakaa chini katikati ya watu, akamwita Muumba kwa sauti kubwa. "Uchukue utamu huu," alisema. "Bakuli la pili lisiwe tamu kama la kwanza, na la tatu lipungue utamu zaidi, ili mama mwingine achoke mapema, aende kwenye maziwa."

Muumba alimjibu kwamba utamu ukianza kupungua utapungua kwenye kila kitu, si kwenye asali tu. Nguo mpya itazeeka machoni kabla haijafuliwa. Wimbo utachosha. Hata kukumbatiwa kutazoeleka. Naye atakayechagua vizuri hatasherehekea, kwa sababu atakiona wazi alichokiacha.

"Chukua," alisema Naetwe.

Ukachukuliwa. Mzee wa asali alikuwa wa kwanza kuinua uso na kuitema tumbaku. Watu wakaanza kuachana na wauzaji wao, wakazunguka, wakashika na kurudisha kama walivyomwona Naetwe akifanya. Ndipo yeye akauliza tena, kwa sauti ndogo, "Na uchungu? Nao utapungua hivyo hivyo?" Muumba hakujibu. Alikuwa ameombwa utamu peke yake.

Na tangu siku hiyo, mtu akienda gulioni huzunguka kwanza, hushika na kurudisha, hupima hiki kwa kile, hununua kidogo hapa na kidogo pale, na akimaliza hushusha pumzi. Pumzi ile ni ya alichokiacha. Namvua ameacha kitenge leo akachukua maziwa ya mtoto. Amechagua vizuri, na amerudi hana furaha. Ndivyo kuchagua vizuri kulivyo.

Utamu huisha njiani kabla hujafika nyumbani. Uchungu ndio uliobaki kama ulivyoumbwa. Mimi nilimzika mwanangu wa kwanza, shemeji yenu mkubwa, ambaye hakuna kati yenu aliyemwona, na asubuhi ya leo nilipoamka ilikuwa ndiyo asubuhi ile ile. Haya, leteni gunia, tujaze.