Watoto wa Kiu na Watoto wa Mvua

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu waliolala na njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nasimulia, na mimi sizungushi maneno. Anayetaka habari za sungura na fisi aende kwa jirani. Hii ni habari ya mtu. Mtu mwenyewe alikuwa mwanamke, na jina lake lilikuwa Makiondo.

Zamani, zamani ile ambayo hata bibi yake bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na kijiji bondeni. Kijiji hicho hakikuwa na mto. Kilikuwa na lambo, bwawa kubwa la kukinga maji ya mvua, limechimbwa kwa mikono na kuzibwa upande wa chini kwa tuta la udongo. Tuta refu, tuta nene, tuta lililoshindiliwa kwa nyayo za watu. Juu ya tuta, maji. Chini ya tuta, nyumba. Shikeni hilo: juu maji, chini nyumba.

Watu wa hapo walikuwa na desturi yao. Hawakuulizana una umri gani. Waliulizana umelelewa na nini. Watoto waliokua pamoja walipewa jina la miaka iliyowakuza, na jina hilo hulivui, unazikwa nalo. Walikuwapo Watoto wa Nzige, ambao mpaka wamezeeka walikula huku mkono mmoja umefunika chungu. Walikuwapo Watoto wa Kiu. Walikuwapo Watoto wa Mvua.

Makiondo alikuwa Mtoto wa Kiu.

Alipokuwa mdogo mvua iligoma. Ikagoma mwaka huu, ikagoma na mwaka uliofuata, ikagoma mpaka watu wakasahau harufu yake. Mama zao walichota tope, wakalifunga kwenye kaniki, wakalikamua juu ya midomo ya watoto. Tii. Tii. Tii. Watoto walifundishwa kunyonya kokoto ili mate yaje. Makiondo alikuwa na mdogo wake, Kilua. Kilua alikufa na kokoto mdomoni. Makiondo ndiye aliyelitoa.

Wewe hapo unayepiga miayo, umewahi kutoa kokoto kwenye mdomo wa maiti? Basi kaa sawa.

Mvua iliporudi, watoto wale walikuwa wameshakuwa wakubwa. Hakuna jumbe aliyewaamuru, hakuna mganga aliyewaagua. Makiondo alichukua jembe, akaenda juu ya bonde, akaanza kuchimba. Ko! Ko! Ko! Wenzake wakamwona, wakachukua yao. Ko! Ko! Ko! Walichimba, wakabeba, wakashindilia. Lambo likawa lambo. Nasema hivi kwa kujivuna, na sijuti: watu wale hawakuwa na chochote isipokuwa kiu yao, na kwa kiu hiyo wakajenga kitu ambacho watu walioshiba hawakuwahi kukiwaza.

Makiondo akafanywa mlinzi wa lambo. Akaweka sheria moja. Jembe la mtu yeyote lisiguse tuta, ila jembe la mlinzi. Basi.

Miaka ikaenda. Ikaja miaka ya mvua nyingi, na watoto waliozaliwa wakakua ndani ya maji kama vyura. Walijua kuogelea kabla hawajajua kusalimia. Kila mtoto alijua kuchimba mfereji kuzunguka nyumba ya mama yake, maana asipochimba, mkeka unaelea. Hao ndio Watoto wa Mvua. Waliosha miguu kwa mtungi mzima. Walirushiana maji mpaka wakachoka.

Makiondo, kwa sasa bibi kizee, aliwatazama na meno yakamuuma. Yeye alikuwa akisuuza chungu, na maji ya kusuuzia anayanywa. Vijana wakamcheka, wakamwita Bibi Tone. Alijua. Aliwaambia jina ni zuri, waendelee.

Aliyekuwa na mdomo mrefu kuliko wote aliitwa Mhando. Siku moja alimwambia bibi usoni kwamba analipenda lambo kama mume.

"Mume alinikimbia," Makiondo akamjibu. "Lambo bado lipo."

Watu walicheka, na Mhando mwenyewe akacheka. Lakini hawakupendana. Mimi sitawadanganya kwamba walipendana.

Sasa sikilizeni. Ukaja mwaka ambao mvua haikunyesha, ilimwagika. Waaa! Ikashinda, waaa, ikalala, waaa, ikaamka, waaa. Lambo likapanda. Watoto wa Kiu, wazee sasa, wakatoka na mvi zao wakasimama juu ya tuta wakipiga vigelegele. Hawajawahi kuona maji mengi kiasi hicho. Maji yalipokaribia ukingo wa tuta, wakafanya jambo ambalo wao tu wangelifanya. Walichukua vikapu wakabeba udongo, wakaongeza tuta juu. Maji yakipanda, tuta linapanda. Maji yakipanda, tuta linapanda. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kuyaachia. Kuachia maji, kwao, ilikuwa kama kumtupa mtoto.

Asubuhi moja Mhando akaja mbio, matope mpaka kiunoni. Akasema chini kabisa, kwenye unyayo wa tuta, maji yanatoka, na yanatoka na udongo. Akaeleza kwamba maji safi yakichuruzika ni tuta linatoa jasho, halina neno. Yakitoka mekundu, tuta linaliwa kwa ndani. Akataka wakate mlango pembeni, palipo na mwamba, maji ya juu yapate njia ya kwenda porini kabla hayajaenda kijijini.

Mzee Semkiwa, rika la Makiondo, alitupa kikapu chini. Alimwita Mhando mwizi. Akasema watoto wa siku hizi hawajui kitu, wanachezea maji kwa sababu hawajawahi kuyalilia, na kwamba anayetaka kukata tuta aanze kwa kukata shingo yake yeye. Mhando naye hakunyamaza. Alimuuliza mzee kama amewahi kuona maji yakivunja nyumba, au ameona tu maji yakikosekana. Kelele zikapanda. Huku bondeni kina mama walikuwa wanafunga watoto mgongoni, hawajui wakimbilie wapi.

Wote wakamgeukia mlinzi.

Makiondo alishuka kwa miguu yake, akashikilia nyasi, mpaka kwenye unyayo wa tuta. Akakinga kiganja. Maji yakajaa kiganjani, mekundu kama damu ya kuku. Akapanda tena. Akatazama lambo, limejaa, linameremeta, linapigapiga ukingo, chapu, chapu, chapu. Akatazama bondeni. Akachukua jembe lake, akaenda pembeni penye mwamba.

Akainua jembe. Mkono ukasimama hewani. Jembe likashuka polepole, likalala.

Akainua tena. Likashuka, likalala.

Akainua tena. Likalala.

Semkiwa akasema mnaona, hata jembe limekataa. Makiondo akageuka. Sasa nawaambia alivyosema, neno kwa neno, kama nilivyopewa mimi.

"Jembe halikukataa, Semkiwa. Mkono ndio umekataa. Nimetazama watoto kule chini wanalia, halafu nimetazama maji haya, na moyo wangu ukacheza ngoma. Umesikia? Watoto wanalia, na mimi moyo unacheza ngoma. Moyo wa namna hiyo usiamue leo."

Semkiwa akamkumbusha sheria, jembe la mlinzi peke yake.

"Sheria niliitunga mimi, nikiwa na kiu," akasema Makiondo. "Mhando, njoo."

Mhando akaja.

"Shika. Mimi nimelelewa na ukame, najua kukusanya. Kuachia sikufundishwa, na leo sitajifunza. Wewe umelelewa na mvua. Kata. Ila mimi nitasimama hapahapa, na nikisema basi, ni basi."

"Na nikiona bado ni mengi, bibi?"

"Utaona bado ni mengi. Ndivyo ulivyolelewa. Kwa hiyo nikisema basi, ni basi."

Mhando akakata. Ko! Ko! Ko! Watoto wa Mvua wenzake wakashuka na majembe yao, wengine wakisafisha njia ya kuelekea porini, wakifanya kazi bila kuelekezwa, kama walivyofanya kuzunguka nyumba za mama zao. Ko! Ko! Ko! Maji yakaingia kwenye mlango. Kwanza kama mkojo wa mbuzi. Halafu kama mkia wa ng'ombe. Halafu, ghuuu! Yakaruka juu ya mwamba, yakang'oa miti, yakapita kando ya kijiji yakinguruma.

Makiondo alisimama akitazama, wala hakugeuza uso. Machozi yalikuwa yakimtiririka. Mtu mmoja akamwambia, kwa huruma, bibi, usilie.

"Niache," akasema. "Haya ni yangu mwenyewe, nayamwaga nipendavyo."

Maji ya lambo yakashuka. Yakashuka mpaka kule chini mchirizi mwekundu ukafifia, ukakoma. Mhando bado alikuwa anakata. Macho yalikuwa yamemtoka, anaona nyumba zikielea, anaona mikeka ya utoto wake ikielea, na anakata.

"Basi," akasema Makiondo.

Mhando akainua jembe.

"Mhando. Basi. Hayo yaliyobaki ni ya kiangazi."

Mkono wa Mhando ukasimama hewani, kama ulivyosimama ule wa bibi. Akatazama maji. Akamtazama bibi. Akashusha jembe taratibu, akaziba mlango kwa mawe, na Semkiwa, ndiyo, Semkiwa yuleyule, akamletea kikapu cha udongo.

Tuta lilisimama. Kijiji kilisimama. Hakuna mama aliyezika mtoto. Kiangazi kilipokuja, kikali, maji yaliyobaki yakawavusha mpaka mvua nyingine. Na tangu siku hiyo lambo lile likawa na walinzi wawili, mmoja wa miaka ya shibe na mmoja wa miaka ya shida, na hawakuruhusiwa kuwa marafiki sana. Hilo ni agizo la Makiondo pia. Alisema wakipendana sana watakubaliana.

Alikufa uzeeni, akazikwa kwa jina lake, Mtoto wa Kiu. Hakuna aliyethubutu kulinong'ona. Walilitamka kwa sauti.

Sasa mafunzo, na nayasema mara moja. Miaka uliyokulia ndiyo iliyokufinyanga. Hukuichagua, usiionee haya. Makiondo hakumwomba mtu radhi kwa kunywa maji ya kusuuzia chungu, kwa maana kiu ile ndiyo iliyotupatia lambo. Jivunie ulikotoka. Lakini ujue mkono wako umefundishwa kukataa nini, na siku kijiji kitakapohitaji hichohicho, usijifanye. Mpe jembe aliyelelewa na miaka mingine, kisha usiende nyumbani kununa. Simama karibu naye, useme basi.

Hadithi nimeitua hapa. Mwenye mabega aibebe, na anayetaka kubishana abishane nayo njiani akienda kwao.