Kiboko Aliyewapendea Wenzake

Hadithi inataka masikio.

— Yapo!

Na simu?

— Tumezizima!

Waongo nyie. Haya, zilazeni kifudifudi basi, tuanze.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana umeme ulikuwa umeshafika na kukatika mara nyingi, wanyama wa bondeni walikuwa na kompyuta. Kila mmoja aliipanga yake alivyopenda. Kinyonga alipenda picha ya nyuma ibadilike kila akipepesa jicho. Kobe alipenda kishale cha skrini kitembee polepole, ndi, ndi, ndi. Popo alipenda skrini ipinduliwe juu chini, na kwa jinsi anavyolala, nani wa kumlaumu? Pimbi, mjane mdogo wa majabalini, alipenda maandishi makubwa kama maboga. Macho yalikuwa yanamwishia, na binti zake walioolewa mbali walimwandikia barua humo. Bila maandishi yale asingejua habari za mtoto hata mmoja.

Mwenyekiti wa bonde alikuwa Kiboko. Huyu alijaliwa mwili mkubwa, mdomo mkubwa, na kipaji kikubwa zaidi cha kujua wenzake wanapenda nini. Akaitisha mkutano, akatangaza kwamba Ijumaa, mbele ya wote, atabofya kitufe kimoja na kompyuta zote za bonde zitakuwa kama yake: kivinjari chake cha mtandao, maandishi yake madogo ya kiungwana, na picha yake akipiga miayo kwenye ukurasa wa mwanzo. Alisema ni kwa ajili ya umoja. Wanyama wakapiga makofi, kwa kuwa ndivyo mikutano inavyofungwa.

Pimbi hakupiga makofi. Alikwenda nyumbani, akalia, akanawa uso, kisha akaenda kwa Kiboko.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Umekuja kulalamika?"

"Nimekuja kukuonea huruma. Kobe ana kishale cha taratibu. Wewe unacho?"

"Sina."

"Kinyonga ana picha inayobadilika. Wewe unayo?"

"Sina," akasema Kiboko, na masikio yakaanza kumcheza.

"Popo ana skrini ya juu chini. Wewe unayo?"

"Sina. Kwa nini sina?"

Pimbi akamjibu kwa upole kwamba hajui, labda mtu akishakuwa mkubwa hanyimwi kitu ila vitu vizuri. Kiboko akapumua, pwaaa, akaamuru awekewe vyote, pamoja na kila kivinjari kilichopo bondeni. Vina faida gani, hakuuliza. Pimbi akaketi akamwekea, pua ikigusa skrini, taka-taka-taka, Alhamisi nzima.

Ijumaa ikafika. Kiboko akakaa mbele ya kompyuta yake, bonde zima nyuma yake, akawasha. Vivinjari vikaruka, ting, ting, ting, kila kimoja kikiomba kifanywe cha kwanza, kama wagombea. Picha ikabadilika, ikabadilika tena. Maandishi yote yalikuwa miguu juu. Kiboko akasema hiyo ndiyo ya kisasa, na Punda, katibu wake, akaandika kwamba hiyo ndiyo ya kisasa.

Kitufe kikabofywa. Mashine ikauliza: zote zibadilishwe? Ndiyo, au Hapana.

Sasa, Kiboko hakuwa msomaji. Miaka yote ya uongozi alijua jambo moja tu, kwamba Ndiyo hukaa kushoto. Lakini skrini ikipinduliwa, Ndiyo huhamia kulia, na kushoto hukaa Hapana. Kishale kikaanza safari, ndi, ndi, ndi. Akikisukuma huku, chenyewe kinakwenda kule. Jasho likamtoka. Pimbi, aliyebanwa katikati ya miguu ya Twiga, akanyoosha shingo aone. Mwisho kishale kikafika kushoto. Ko!

Popo, aliyekuwa akining'inia darini, ndiye pekee aliyeweza kusoma jibu. Akalisoma kwa sauti: "Sawa. Kila kompyuta ibaki kama mwenyewe anavyopenda."

Kabla Kiboko hajafumba mdomo, Pimbi akapiga kigelegele, na bonde zima likakipokea. Kiboko angesema nini? Aseme amekosea, wajue kwamba hasomi? Akasimama, akakohoa, akaeleza kwamba hilo ndilo alilolikusudia tangu mwanzo, uhuru wa kila mnyama kuchagua. Punda akaandika. Kompyuta yenyewe Kiboko anaitumia hivyo hivyo mpaka leo, shingo upande, kwa sababu ya aibu ya kuomba irudishwe.

Pimbi alirudi majabalini, akafungua barua ya binti yake, akasoma mwenyewe, bila kumwomba mtu, kwamba amepata mjukuu wa kike.

Fundisho? Fundisho ni kwamba msiwe na mnachokipenda, wanangu. Kupenda ni kazi ngumu, waachieni wakubwa, wamezaliwa nayo. Na mkubwa akitaka vyote, msimnyime hata kimoja.

Hadithi nimeitua hapa. Anayeitaka aiokote, asiyeitaka airuke asijikwae.