Kisu Kilichonolewa Mgongo

Nisogeleeni.

Tumesogea.

Hadithi niikate nene au nyembamba?

Kata nene, tushibe.

Hapo kale, katika kijiji cha mlimani, alikuwepo mhunzi, jina lake Mbonea. Kazi yake kufua visu. Hupasha chuma, hugonga, hutia majini. Hupasha, hugonga, hutia majini. Kisu kikishapoa, humwomba Mungu kisimkate mtoto wa mtu, kisha huchora jani dogo karibu na mpini. Hiyo ndiyo ilikuwa chapa yake, Chapa ya Jani.

Kisu kile, jamani, ulimenya nacho muhogo mwaka mzima na makali yasipungue.

Mtasema basi Mbonea alitajirika. Wapi. Alipeleka visu gulioni, watu wakavishika, wakavisifu, wakavirudisha chini. Akatia mipini ya mpingo. Wakavishika, wakavisifu, wakavirudisha chini. Mkewe Nakiete akavisugua kwa mchanga mpaka vikang'aa kama maji. Wakavishika, wakavisifu, wakavirudisha chini.

Kilinunuliwa kimoja tu. Alikinunua Bibi Nambua, mjane wa peke yake, binti zake wote wameolewa mbali.

Na Nakiete alikuwa na mimba kubwa. Mbonea akamwambia, "Mke wangu, gulio hili nisipouza, nazima moto. Nitashuka bondeni nikalime mashamba ya watu."

"Na mimi nijifungue nimemshika nani mkono?"

Mbonea alichochea moto tu.

Gulio likafika. Mwanamke mmoja, Namsifu, ulimi wake mkali kuliko visu vyenyewe, akakishika kisu, akakigeuza, akakirudisha.

"Dada, kina kasoro gani?" Mbonea akauliza.

"Visu vyako vya sura tu, fundi. Bibi Nambua anacho, na kila asubuhi yuko jiweni anakinoa kutushinda sisi. Mwenyewe anasema kimemchosha."

Sasa hapa niwape desturi ya pale, msije mkapotea. Kando ya kijito palikuwa na jiwe pana la kunolea. Asubuhi wanawake wote huenda hapo. Kwaru, kwaru, kwaru. Na huku wananoa, wanaongea. Nani kaposwa, nani hakulala kwa homa, nani hana chumvi apelekewe. Lakini jiweni mtu haendi bila kisu butu. Ukienda mikono mitupu, utaambiwa umekuja kuokota maneno ya watu.

Mbonea akaenda mpaka kwa Bibi Nambua. "Bibi, shikamoo. Nimekuja kukiangalia kisu chako. Nasikia kinakusumbua."

"Marahaba, mwanangu. Kisu ni kisu tu. Kaa unywe uji."

"Uji baadaye, bibi. Nionyeshe."

Akamtolea. Mbonea akapitisha kidole kwenye makali. Yalikuwa yale yale ya siku aliyokifua. Akakigeuza. Mgongo wa kisu ulikuwa umelika, umekuwa mwembamba, unang'aa.

Kumbe bibi alikuwa akinoa mgongo.

"Hakikuwa butu hata siku moja," Nambua akasema, macho chini. "Nikakaa nacho ndani. Wenzangu wanapita kwenda jiweni, mimi nina kisu kikali, nitakwenda kufanya nini? Siku zikapita sijasikia sauti ya mtu. Nikasema nitakwenda, nitasema kimekataa kukata. Nimekisingizia, mwanangu. Nimekusingizia na wewe. Mungu ananiona."

Mbonea akamrudishia kisu kwa mikono miwili, akanywa uji wote, akaaga.

Nyumbani Nakiete akauliza, "Umegundua nini?"

Akamweleza. Nakiete akashika tumbo lake. "Basi kesho uende ukawaambie watu ukweli. Watanunua."

"Nikisema, bibi atakaa na nani tena?"

Mimi ningesema, wasikilizaji wangu, Mungu anisamehe. Ningesema hata kabla uji haujapoa. Yeye hakusema. Asubuhi akafunga jembe na blanketi, akazima moto, akashika njia ya bondeni. Nakiete akamsindikiza mpaka mlangoni, akabaki hapo akilia bila sauti.

Njia ilipita kwa Bibi Nambua.

"Unakwenda wapi na mzigo, mwanangu?"

"Kulima, bibi. Visu havitoki."

"Hukuwaambia?"

"Niwaambie nini, bibi?"

Nambua akamtazama akishuka. Kisha akachukua kisu chake, akaenda jiweni kwa haraka ambayo magoti yake yaliikataa.

"Leo umechelewa, Bibi," Namsifu akasema. "Sogea, nawe unoe gogo lako."

Nambua hakukaa. Pembeni pale ulikuwepo mgomba. Akaupiga pigo moja, ukalala chini.

Kwaru zikanyamaza.

"Nimekuwa nikiwadanganya," akasema. "Kisu hiki hakijawahi kuwa butu. Nilinoa mgongo wake ili nikae nanyi. Na sasa fundi amefunga mzigo, anashuka bondeni kulima." Akakiweka juu ya jiwe, akarudi kwake, akafunga mlango.

Wanawake wakakigeuza kile kisu. Wakauona mgongo. Hakuna aliyecheka, hata Namsifu. Mmoja akauliza polepole, "Sasa sote tukiwa na visu hivi, tutakuja hapa na nini?"

Namsifu akafikiri. "Tuje na mboga. Tutakatia hapa."

Wakamfukuzia Mbonea njiani, wakamkuta hajafika hata nusu ya mteremko. Namsifu akamtua jembe begani. "Rudi, fundi. Kila mmoja wetu anataka chake, na mkeo anakulilia mlangoni."

Akarudi. Moto ukawashwa. Siku Nakiete alipojifungua, alimshika mkono mumewe mpaka vidole vya mhunzi vikafa ganzi.

Lakini sijamaliza. Asubuhi ile ya kwanza ya visu vipya, wanawake walishuka kijitoni na mchicha, matembele na majani ya kunde. Walipofika kwa Bibi Nambua, mlango ulikuwa bado umefungwa. Namsifu akagonga.

"Bibi, toka. Tunakungoja."

Sauti ikatoka ndani, ndogo. "Kisu changu nimekiacha jiweni. Sina kitu cha kuja nacho."

"Hatukuja kukiita kisu," Namsifu akasema. "Fungua."

Komeo likasikika likivutwa.

Hapo ndipo kipande changu kilipokatika.

Mungu akuzidishie, umetushibisha.

Aliyebakiwa na nafasi tumboni, naye akate chake.