Dobi na Bamba la Shaba

Ndugu zangu, huko Ufaransa paliishi mchoraji ambaye picha zake za rangi zilitundikwa kwenye majumba ya wakubwa. Alipotimiza miaka hamsini akaweka brashi kando, akaanza kuchora kwenye bamba la shaba. Alilipaka nta, akaikwaruza kwa sindano mpaka ikatokea sura ya mama aliyemfulia nguo. Kisha akalizamisha kwenye tindikali, ili shaba iliwe pale tu sindano ilipopita.

Bamba la kwanza likaliwa kupita kiasi. La pili vilevile. La tatu likakubali. Akalipaka wino, akalifuta mpaka wino ukabaki mikwaruzoni tu, akalaza juu yake karatasi yenye unyevu, na yule dobi mwenyewe akazungusha gurudumu la mashine ya kuchapia. Walipoifunua karatasi, mama akajiona: mikunjo ya paji la uso, mikono iliyochubuka kwa sabuni.

"Hii ni yako," mchoraji akamwambia. Wakachapa nyingine ishirini.

Tajiri mmoja akanunua ya pili. Aliposikia kwamba dobi naye anayo, akamjia mchoraji amenuna. "Ya kwangu ndiyo ya asili, sivyo?"

"Zote ni za asili, bwana."

"Haiwezekani. Kaichukue ile ya dobi."

"Nenda kamwombe mwenyewe," mchoraji akasema, akamfuata nyuma.

Dobi alikuwa anakamua shuka. Tajiri akamwambia, "Mama, hiyo yako ni nakala tu. Nipe, nikuletee picha kubwa ya rangi."

Mama akajifuta mikono. "Bwana, kwani yangu ilinakiliwa kutoka kwa yako?"

"Hapana. Zimetoka kwenye bamba."

"Basi yangu ililala juu ya bamba hilohilo. Gurudumu nililizungusha mimi. Sitoi."

Akarudi kwenye shuka zake. Mchoraji alikuwa amesifiwa na wakubwa miaka yote, lakini hakuwahi kujivunia kazi yake kama siku ile.

Naona mnamcheka tajiri. Ngojeni kidogo. Sisi je? Tajiri hajafika hata mlangoni petu, tumeshaitoa picha wenyewe. Mimi si kama fulani, tunasema. Sala yangu si kama ya fulani. Nani alikuambia wewe ni nakala? Mungu alipokuumba hakukutoa kwa jirani yako. Alikutoa mkononi mwake.

Ninyi mliojibana kwenye benchi la mwisho, huku mbele kuna nafasi. Inukeni, mje.