Kufuli la Matundu Mawili

Mtu mmoja, jina lake Haroub, alikuwa na karakana ya makufuli, na jambo la mwisho la kawaida kutokea humo lilikuwa Bi Mize kuja kununua kufuli la mlango. Haroub alimkabidhi, kisha akageukia ukuta, maana hakuwa na desturi ya kumtazama mteja akijaribu ufunguo wake mara ya kwanza.

"Zito hili, fundi! Kwani nafuga simba?" Bi Mize akacheka, akaenda zake.

Adhuhuri hiyo alikuja askari wa liwali na amri. Kila kufuli la mji, jipya na kuukuu, litobolewe tundu la pili, lifunguke kwa ufunguo mmoja utakaokaa kwa liwali. Ni kwa ajili ya wezi tu, alisema. Fundi akikataa, karakana itafungwa. Haroub alitii. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, alianza na kufuli lake mwenyewe, la sanduku la nguo za marehemu mkewe, Salha. Sanduku hilo alilifungua kwa nadra, asije akaimaliza harufu yake.

Tangu hapo watu wakawa wanasikia makufuli yakigeuka mchana kweupe. Mlango ulifunguka, ukajifunga, na barazani hapakuwa na mtu. Hakikuibwa kitu. Lakini wake na waume walianza kunong'ona vyumbani mwao wenyewe, na Bi Mize akaacha kucheka.

Siku moja Haroub alifungua lile sanduku. Hakikupungua kitu. Ila kanga za Salha, alizozikunja ovyo kwa mikono ya msiba, sasa zilikuwa zimekunjwa vizuri, pindo juu ya pindo. Harufu ilikuwa imekwisha.

Akamwendea askari. "Mwizi gani mlikuwa mnamtafuta kwenye nguo za maiti, bwana?"

Askari alimtazama, uso ukamsawijika. "Fundi, sanduku hilo hatukulifungua sisi."

Asubuhi iliyofuata Haroub aliyeyusha risasi, akapita mlango kwa mlango, askari wakimwangalia bila kumzuia, akiziba matundu aliyoyatoboa kwa mkono wake. Kwenye mlango mmoja risasi ilichelewa kuganda, kana kwamba ndani ya tundu palikuwa na pumzi.

Nanyi mliokabidhiwa siri za watu mzifungie, tundu mlilomtobolea mmoja, mnajua ni wangapi wanaochungulia?