Mbuna wa Chungu cha Sekela

Wale samaki wadogo wa kwenye mawe ya Ziwa Nyasa, tunaowaita mbuna, hapo mwanzo wote walikuwa na rangi ya majivu. Kila ukoo ulikaa katika ghuba yake, na hawakujuana hata kwa sura.

Ufukweni aliishi Sekela, mfinyanzi hodari, pamoja na mama mkwe wake Subilaga, bibi mkali aliyekulia mtumbwini. Bibi huyo aliposhikwa na maradhi ya miguu asiweze kushuka ziwani, aligoma kula. Uji ulikwenda ukarudi, kuku akaenda akarudi. Alisema mtu asiyeliona ziwa hana haja na tumbo. Sekela alimpenda, ingawa si kila siku, na aliogopa kumzika. Basi akafinyanga chungu kipana kama sakafu ya nyumba, akakichoma, akakijaza maji, kisha akazunguka ghuba zote akikusanya mbuna wa kila ukoo.

Hapo kizaazaa kikaanza. Kila dume alimdhania mwenzake mvunja ndoa, kila jike akamdhania jirani mwizi wa mayai. Wakararuana mapezi. Sekela akatia mawe ili kila mmoja apate nyumba. Wakaingia nyumba zisizo zao, na vita vikazidi. Subilaga aliufurahia sana ugomvi ule, hata akaomba uji, akamaliza, akaomba mwingine. Lakini asubuhi moja samaki mmoja alielea tumbo juu, na bibi akalisukuma bakuli.

"Mama, nifanye nini tena?" Sekela akauliza, machozi yakimlengalenga.

"Vyungu vyako unavitambua kwa sababu umevipaka," akajibu bibi. "Na hawa wapake."

Sekela akaleta rangi zake na unyoya wa kupakia. Huyu akampaka wekundu wa udongo, yule weupe wa chokaa. Mmoja alifurukuta, unyoya ukateleza, akatoka na mistari. Mwisho walibaki madume wawili na samawati kidogo, akawagawia wote. Chungu kikatulia, kila mmoja akalinda jiwe lake, isipokuwa hao wawili wa samawati. Kila mmoja alimwona mwenzake tapeli aliyeiba sura yake.

Subilaga akala, akanenepa, na siku moja uvumilivu ukamwisha. Akainuka na fimbo yake kwenda kuwaamua.

"Tulieni, nyie!"

Fimbo ikatua chunguni. Chungu kikapasuka, maji yakaporomoka mtelemkoni na mbuna wote ndani yake, bibi nyuma yao akiwakaripia. Alipofika ziwani, maji yakiwa magotini, ndipo alipokumbuka kwamba hatembei. Sekela alikaa chini katikati ya vigae, akacheka mpaka mbavu zikamuuma.

Na tangu siku hiyo, mbuna wana rangi za kila namna na kila mmoja hulinda jiwe lake. Mwenye rangi nyingine akipita, humtazama tu. Lakini akitokea anayefanana naye, humfukuza mpaka ghuba ya pili.